Mazao Huishi Baada ya Kuvunwa: Embe, Bibo na Muhogo

Wasomaji wetu wa Masasi na Newala, leo twawaletea somo juu ya jambo ambalo kila mtu huliona nyumbani kwake, walakini si wengi wanaouliza sababu yake. Embe lililochumwa likiwa gumu na lenye ukali, likiwekwa ndani siku chache huwa laini na tamu. Chungwa lililochumwa kali hubaki kali hata likinyauka. Na muhogo uliong’olewa leo ukiwa mweupe, kesho kutwa ukiukata waweza kuuona una mistari myeusi. Kwa nini mazao haya hayafanani? Na mkulima atapata faida gani akiijua sababu yake?

Zao halifi siku ya kuvunwa

Tunda likiwa bado mtini hupata maji na chakula kutoka katika mti. Likiachana na mti, riziki hiyo hukatika, lakini kazi ya uhai haikomi. Lavuta hewa, latoa hewa, latoa joto na unyevu. Asiyesadiki na atie mkono wake katikati ya gunia la matunda lililofungwa tangu jana, naye ataona joto. Joto lile ni ishara kwamba matunda yanatumia akiba yake.

Mfano wake ni msafiri aliyeondoka kwao na masurufu mfukoni. Hana tena wa kumwongezea. Kila siku hula katika kile alichochukua, na mwisho kitakwisha. Kadiri mahali panavyozidi kuwa na joto, ndivyo akiba inavyokwisha upesi. Kwa hiyo matunda yaliyowekwa kivulini, penye upepo, hudumu kuliko yaliyoachwa juani. Tena tunda lililopasuka au kupondeka hutumia akiba yake haraka zaidi, na jeraha lake huwa mlango wa ukungu.

Matunda yanayoiva nyumbani

Embe, ndizi, papai na parachichi huweza kuiva baada ya kuchumwa. Sababu ni kwamba yameweka akiba ndani yake, na wakati wa kuiva ukifika embe na ndizi hugeuza wanga kuwa sukari, nyama hulainika, ganda hubadili rangi na harufu nzuri hutoka.

Kinachoamsha kazi hiyo ni hewa iitwayo ethilini. Haionekani kwa macho, nayo hutoka katika tunda lenyewe. Mwaka 1934 mtaalamu wa Uingereza, Richard Gane, alithibitisha kwamba matofaa yanayoiva huitoa hewa hiyo. Lakini wazee wetu waliitumia zamani sana bila ya kuijua jina. Mtu avundikaye ndizi huziweka shimoni au katika chombo, akazifunika kwa majani, na pengine akawasha moto mdogo kando ili moshi uingie. Desturi hii ina maana: kifuniko huizuia ethilini isitawanyike, joto huharakisha kazi, na moshi nao una kiasi kidogo cha hewa hiyo hiyo.

Katika habari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, embe lazima liwe limekomaa ndipo lichumwe. Litazame pale karibu na kikonyo: likiwa limejaa na kutuna, limekomaa. Lichumwalo changa hunyauka tu, wala halipati utamu, hata ukilivundika juma zima. La pili, tunda moja lililoiva sana au kuoza, likiachwa kati ya mengine, huyaharakisha yote. Atakaye kupeleka maembe yake sokoni hana budi kuyachagua kila siku na kuondoa yaliyotangulia.

Matunda yasiyongoja: bibo na korosho

Chungwa, limau na nanasi hayaongezi utamu baada ya kuchumwa. Utamu yatakaokuwa nao ni ule yaliotoka nao mtini. Bibo nalo ni la jamaa hiyo, na katika wilaya zetu hakuna tunda linaloharibika upesi kama hilo. Ganda lake ni jembamba mno na nyama yake imejaa maji. Likianguka na kupondeka, kwa siku moja tu huanza kuchacha. Ni hasara kubwa, maana bibo bichi lina vitamini C nyingi kupita chungwa. Basi yafaa watoto wale mabibo mazima asubuhi ile ile yalipookotwa, na yatakayozidi yakamuliwe maji au yakatwe na kukaushwa siku hiyo hiyo.

Korosho yenyewe ina tabia nyingine. Hukua kwanza hadi kufikia ukubwa wake, ndipo bibo linapotuna chini ya kikonyo, na korosho huanza kukauka na kupungua kidogo. Kwa hiyo aangushaye korosho kwa fimbo kabla ya wakati wake huvuna kokwa isiyojaa. Iache ianguke yenyewe, uiokote mara kwa mara, na uitenge na bibo bila ya kuacha nyama juu yake. Kisha ianike juani siku mbili au tatu, ukiigeuza. Iliyokauka vema hulia ukiitikisa. Ikitiwa gunia ingali na unyevu, itapata joto na ukungu, na kokwa itabadilika rangi. Tangu mwaka 2007 korosho za mkoa wa Mtwara zilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, mizigo ya wakulima wengi hukutana katika ghala moja. Uvivu wa siku mbili za kuanika waweza kuteremsha daraja na bei.

Muhogo: usicheleweshe, wala usiharakishe

Sasa twafikia zao ambalo ndilo chakula cha nyumba nyingi za Uwanda wa Makonde. Kiazi kitamu kina macho ya kuchipua, hivyo chaweza kukaa. Mzizi wa muhogo hauna jicho. Sisi hupanda shina lake. Mzizi ule ni ghala tu, na ukikatwa na shina lake hujaribu kuponya jeraha, ukashindwa. Ndani ya siku mbili au tatu mistari ya buluu na nyeusi hutokea kufuata mishipa yake, kuanzia penye jeraha. Dawa yake ni kuuacha ardhini hadi siku ya kuuhitaji, na kuung’oa bila ya kuujeruhi. Wengine hukata majani na matawi majuma mawili au matatu kabla ya kuvuna, na mizizi yao hudumu zaidi.

Lakini usichanganye weusi huo na madoa ya kahawia yaliyokauka kama kizibo, yanayoonekana siku ile ile ya kung’oa. Hayo ni ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao H. H. Storey wa kituo cha Amani aliuandika mwaka 1936. Shamba lenye ugonjwa huo lisitoe mbegu.

Kwa kuwa muhogo haungoji, wazee walipata hekima ya kutengeneza makopa. Katika nchi nyingine muhogo mchungu huloweshwa mtoni siku kadhaa. Lakini juu ya uwanda wetu mvua huzama mchangani na maji ni ya taabu, basi jua likachukua kazi ya mto. Kazi hiyo yataka siku nyingi. Ndani ya muhogo mchungu mna kitu ambacho, kikikutana na chachu yake, hutoa sumu iitwayo sianidi. Wakati wa kuanika polepole, sumu hiyo hutoka na kupotea hewani kidogo kidogo. Mwaka wa ukame mizizi huwa na sumu nyingi zaidi, na ndio mwaka ambao njaa huwahimiza watu wasingoje.

Hayo ndiyo yaliyotokea wilayani Masasi mwaka 1988. Chakula kilipungua, na watu wakatumia njia ya mkato iitwayo chinyanya, yaani kuponda muhogo mbichi, kuuanika muda mfupi na kuuponda tena, ili unga upatikane mapema. Waliokula wakashikwa na kizunguzungu na kutapika. Baina ya mwaka 2001 na 2004, katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma, ulionekana ugonjwa wa konzo, ambao hupooza miguu ya mtu ghafula, nayo haiponi tena. Huwapata wale wanaokula muhogo mchungu usiotengenezwa vema siku nyingi, pasipo kunde, samaki wala nyama. Wanaoumia zaidi ni watoto na wanawake.

Ikiwa una unga ambao huna hakika nao, kuna njia nyepesi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Tia unga katika bakuli na uweke alama penye kimo chake. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena penye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usipite upana wa kidole kidogo, uuache kivulini saa tano au juani saa mbili. Sumu hutoka hewani. Kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Maji yanayotakiwa ni machache, na hilo latufaa sana sisi watu wa uwandani.

Basi, msomaji, kila zao lina saa yake. Embe lataka kungojwa. Bibo halingoji hata siku moja. Muhogo wataka kutengenezwa mara ung’olewapo, lakini kazi ya kuukausha haina njia ya mkato. Aijuaye saa ya kila zao atahifadhi mali yake, na katika habari ya muhogo atahifadhi miguu ya wanawe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini embe changa haliwi tamu hata likivundikwa?
2. Tunda moja lililooza lawezaje kuyaharakisha mengine?
3. Utapambanuaje weusi wa muhogo uliokaa na madoa ya ugonjwa?
4. Kwa nini hatari ya muhogo mchungu huzidi mwaka wa ukame?