SOMO: BARUA YA PAULO KWA FILEMONI, TUISOME NAMNA GANI?



Somo letu ni juu ya barua fupi kuliko zote za Paulo: sura moja, mashairi 25. Kwa ufupi wake wengi tunaipita mbio. Sisi wenyewe, miaka iliyopita, tuliwafundisha vijana hivi: Onesimo alimtoroka bwana wake, Paulo akamrudisha, basi mtumishi asikimbie kazi. Kijana mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya watu akainua mkono: «Baba shemasi, huko kutoroka kumeandikwa shairi gani?» Tukatafuta mbele ya wote. Hatukuona.

Kweli haliko. Barua inasema Onesimo alitengana na Filemoni kwa muda, na kama alimkosea ao ana deni, lihesabiwe juu ya Paulo. Wafafanuzi wengi wanadhani alitoroka, na inawezekana, lakini hayo ni mawazo yao. Basi jambo la kwanza, tuweke mbalimbali lililoandikwa na lile tulilozoea kusikia.

Pili, tuulize mahali. Paulo yuko kifungoni, na anakumbusha jambo hilo mara nyingi. Filemoni yuko kwake, mtu mwenye nafasi, kanisa linakutana nyumbani mwake. Katika utawala wa Roma mtumwa alikuwa mali ya bwana. Akikamatwa baada ya kutoroka aliweza kupigwa, hata kutiwa alama ya moto. Kwa hiyo anayeomba ni mfungwa, na anayeombwa ana sheria yote upande wake. Tena tazameni shairi la 2: Afia, Arkipo na kanisa la nyumbani wanasalimiwa pia. Filemoni hataisoma barua hii chumbani peke yake.

Sasa hoja, yaani njia ambayo mwandishi anapita ili amshinde msomaji. Paulo anaanza kwa kusifu upendo wa Filemoni. Anasema angeweza kuamuru, lakini anachagua kusihi. Anacheza na jina Onesimo, ambalo kwa Kiyunani ni «mwenye kufaa»: zamani hakufaa, sasa anafaa. Halafu anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa deni, na papo hapo anamkumbusha Filemoni kwamba yeye ana deni kubwa zaidi kwa Paulo, ni nafsi yake. Mwisho anaomba atayarishiwe chumba cha kulala! Mzee huyu alijua kuandika. Nani atamtesa Onesimo akijua mgeni huyo yuko njiani?

Kiini cha maneno yote kiko katika shairi la 16: ampokee si kama mtumwa tena, bali ndugu mpendwa, katika mwili na katika Bwana. Angalieni «katika mwili»: undugu huo hauishii kwenye maombi. Paulo hakuandika waziwazi «umpe uhuru», na juu ya hilo watu wanabishana hata leo.

Ubishi huo uliwagusa watu wenye damu. Katika miaka ya 1830, huko Georgia, Marekani, mhubiri Charles Colcock Jones, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, aliwahubiria watumwa kwa barua hii kwamba kutoroka ni kosa. Aliandika mwenyewe yaliyotokea: nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaenda zao, na kati ya waliobaki wengine walisema barua kama hiyo haimo katika Biblia. Imo. Lakini juu ya kiini chake, watu hao walikuwa karibu zaidi kuliko mhubiri.

Kijana wetu yule hakuondoka. Alingoja mpaka tumalize, akaomba tuisome tena tangu shairi la 1.

Kwa juma lijalo: someni Wakolosai 4, mashairi 7 mpaka 9. Onesimo anatajwa tena pale. Anaitwa nani, na anakwenda na nani?