Jina la Taarabu

Ngoma nyingi za pwani huitwa kwa jina la chombo chake. Kidumbaki, kwa mfano, ni jina la vijigoma vipigwavyo humo. Taarabu haikuitwa hivyo. Jina lake latoka katika neno la Kiarabu, tarab, na maana yake ni ule msisimko wa moyo umpatao mtu asikiapo wimbo mzuri, uwe wa furaha au wa huzuni. Basi jina hilo halikitaji chombo wala mpigaji, lamtaja msikilizaji.

Husimuliwa Unguja ya kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, chombo chenye nyuzi nyingi. Aliporudi aliwafundisha wenziwe, wakawa wakipiga jumbani. Mwaka 1905 watu wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, nao wakaimba kwa Kiarabu vilevile. Watu wengi wa Unguja hawakufahamu maneno yale.

Mtu aliyeufungua mlango huo alikuwa mwanamke. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, shamba, karibu na mwaka 1880, katika jamaa ya watumwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa akitembeza vyungu na kunadi kwa sauti yake, na sauti hiyo ndiyo iliyomtoa. Alipohamia mjini alifundishwa uimbaji, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa mitaani, hata hukumu za mahakama zilizowaonea wanyonge. Mwaka 1928 alivuka bahari na wapigaji wake mpaka Bombay, wakatiwa sauti katika sahani za santuri. Sahani hizo zilipofika bara, watu wasiopata kuiona Unguja waliisikia taarabu, wakalijua na jina lake.

Jina liliwafunza watu namna ya kusikiliza. Penye ngoma mtu huingia akacheza. Penye taarabu hadhira ilikaa kimya, ikiyapima maneno, kwa kuwa fumbo la shairi halikamatwi na mtu arukaye. Aliyeguswa na ubeti aliinuka polepole akamtunza mwimbaji fedha. Pengine tunzo hilo lilikuwa jibu kwa adui aliyeketi palepale, na wote waliokuwapo walifahamu.

Hata ilipofika miaka ya 1990 vikundi vya Dar es Salaam na Unguja vilitumia vinanda vya umeme, maneno yakawa ya wazi, na watu wakasimama kucheza. Mtindo huo uliitwa taarabu ya kisasa, au rusha roho. Wazee wengi walikataa, wakisema hiyo si taarabu, maana watu hawasikilizi tena. Vijana nao hawakuliacha jina. Basi ikabidi ile ya zamani iongezewe neno, ikaitwa taarabu asilia, jina ambalo Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, hakuwa na haja nalo.