Taa ya Darini: Tuifunge kwa Usalama



Stima imefika vijiji vingi. Tangu serikali ianze mradi wa Last Mile mwaka 2015, nyumba nyingi za mashambani zimeachana na koroboi. Mtoto anasoma jioni bila moshi, na mama anapika akiona kilicho sufuriani. Lakini koroboi ikianguka unaiona. Waya wenye kasoro juu ya dari hauonekani, haunuki, wala haupigi kelele, mpaka mtu auguse.

Somo hili lisomwe na kikundi polepole, sehemu moja moja. Msomaji mmoja asome kwa sauti, wengine waulize.

SHABAHA YA SOMO

Tukimaliza, kila mwanachama aweze:
1. Kueleza stima inapita wapi mpaka taa iwake.
2. Kukagua kazi ya fundi kabla ya kumlipa.
3. Kujua la kufanya mtu akishikwa na stima.

NANI AFANYE KAZI HII?

Kazi ya kufunga nyaya za stima ni ya fundi mwenye leseni. Nchini Kenya leseni hiyo hutolewa na EPRA, na jambo hili limo katika Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Usione haya kumwambia fundi, "Nionyeshe leseni yako." Fundi wa kweli hakasiriki.

Basi kwa nini tujifunze? Kwa sababu fundi akishaenda zake, ni wewe na watoto mtakaolala chini ya hiyo taa. Mwenye nyumba anayeielewa kazi hadanganywi ovyo.

NJIA YA STIMA

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Hiyo inatosha kuua. Kuna nyaya tatu za kujua:

Waya wa moto: huleta stima. Katika nyumba za zamani ni mwekundu. Katika nyaya mpya ni wa kahawia.
Nyutro: hurudisha stima. Zamani ni mweusi. Sasa ni wa buluu.
Ethi: waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ni wa kijani, au kijani na manjano.

Stima hutoka kwenye fyuzi, hufika kwenye swichi kwa waya wa moto, hupanda kwenye balbu, halafu hurudi kwa nyutro. Njia ikikatwa mahali popote, taa huzimika. Hapo ndipo penye hatari kubwa.

SWICHI IKATE MOTO, SI NYUTRO

Fundi mzembe anaweza kupitisha nyutro kwenye swichi na kupeleka moto moja kwa moja kwenye holda. Taa itawaka na kuzimika vizuri kabisa. Wewe utasema kazi ni safi. Lakini taa ikiwa imezimwa, moto bado uko kwenye holda. Siku utakapobadilisha balbu, kidole kikiteleza ndani ya holda, utapigwa.

Kwa hiyo mwambie fundi azime swichi ya ukutani, halafu aweke testa kwenye holda mbele yako. Testa ikiwaka, nyaya zimepishana. Asilipwe mpaka arekebishe.

Jihadharini pia na rangi. Waya unaotoka kwenye swichi kurudi kwenye taa unaweza kuwa mweusi, na bado ukawa na moto kila taa inapowashwa. Waya kama huo ufungwe teipu nyekundu ili anayekuja baadaye asidhani ni nyutro.

HATUA ZA KAZI

Fundi akiwa darini, tazama kama anafuata haya:

1. Testa ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye stima, ili ijulikane kwamba ni nzima.
2. Swichi kuu izimwe. Kuzima ya ukutani peke yake hakutoshi. Mtu mzima akae karibu na swichi kuu, asije mtoto akaiwasha.
3. Nyaya zote zijaribiwe tena kwa testa, hata ile nyeusi.
4. Ngazi iwe ya mbao, kavu, na ishikwe na mtu. Mikono iwe mikavu, na viatu viwe miguuni.
5. Holda ishikiliwe kwa misumari ya bisibisi kwenye mbao ya dari. Nyaya zisibebe uzito wa taa.
6. Waya uchunwe kiasi cha kuingia kwenye skrubu tu. Shaba isionekane nje.
7. Pale nyaya zinapoungana, zifungwe kwa konekta ndani ya kisanduku. Kusokota na kuzungusha teipu tu hakufai: teipu hukauka, huachia, na muungano uliolegea hupata joto mpaka ukawaka moto.
8. Taa yenye mwili wa chuma lazima iunganishwe na ethi.
9. Kila waya uvutwe kidogo kuona kama umeshika. Ndipo stima irudishwe.

MABATI, PANYA NA JOTO

Nyaya zilizolala kwenye mabati husuguliwa kila upepo unapotikisa paa. Plastiki ikiisha, paa zima linaweza kuwa na stima, na mtu akapigwa akiwa anaegemea mlango wa bati. Panya nao hutafuna. Ndiyo maana nyaya zipitishwe ndani ya mabomba ya plastiki na kukazwa kwenye mbao.

Balbu ya zamani ya wati 100 hupata joto kali. Isikaribie nyasi za paa, gunia wala karatasi ya dari. Balbu ya LED ya wati 9 ina joto kidogo na hula stima kidogo pia.

FYUZI NI MLINZI

Fyuzi ya taa kwa kawaida ni ampia 5. Balbu ya wati 100 haifiki hata nusu ampia. Hata balbu kumi za namna hiyo ni kama ampia 4 tu. Basi fyuzi ya taa ikikatika mara kwa mara, usiseme ni ndogo. Kuna kasoro mahali. Anayeweka msumari au waya mnene badala ya fyuzi amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

MTU AKISHIKWA NA STIMA

Usimguse. Kimbia uzime swichi kuu. Kama haiwezekani, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, mlaze chali mahali pagumu, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari la hospitali. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe akaonwe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba zetu, swichi kuu iko wapi? Je, watoto wakubwa wanajua kuizima?
2. Kuna mwanachama anayempa jirani stima kwa waya unaopita uani au juu ya ua? Hatari yake ni nini?
3. Fundi mmoja mwenye leseni akikagua nyumba kumi kwa siku moja, gharama kwa kila nyumba itapungua. Kikundi chetu kinaweza kuchanga kiasi gani kila mwezi kwa kazi hiyo?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao kila mmoja atazame taa zake bila kugusa kitu. Aandike: holda zilizolegea, nyaya zinazoning'inia, shaba inayoonekana, na dari iliyogeuka nyeusi karibu na taa. Mleteeni katibu orodha hizo. Nyumba yenye dalili nyingi ndiyo ianze kukaguliwa, hata kama mwenyewe ndiye aliyechanga kidogo kuliko wote.