Dondoo Muhimu: Reli za Njia ya Kudumu ya Treni za Mfano

Anayejenga njia ya kudumu ya treni za mfano za kipimo cha HO, yaani 1:87, ahesabu viungio kabla ya kuhesabu pesa. Umeme wa injini hupita kwenye reli zenyewe, na kila kiungio ni mahali pa kulegea, kushika uchafu na kukata mkondo. Njia ya mita 9 ikijengwa kwa vipande vya sentimita 23 huhitaji vipande 40. Kwa reli zinazopindika za sentimita 91, vipande 10 tu vinatosha. Tena kona unaikunja utakavyo wewe, si kiwanda kilivyopanga.

Wapo watakaosema vipande vifupi ni rahisi kufungua. Kweli, na kwa treni ya kuchezea sakafuni vinafaa sana. Lakini njia iliyogandishwa mezani haifunguliwi. Wengine wanahofia kukata reli: msumeno wa meno madogo na tupa ya kulainisha ncha hukamilisha kazi. Chagua reli za aloi ya shaba, nikeli na zinki, kwani za chuma hushika kutu. Kisha lehemu waya wa umeme chini ya kila kipande, kabla ya kumwaga kokoto.