Kuku Wanapomwona Nyoka: Wasikilize Mchana, Usiwategemee Usiku



Familia nyingi hapa kambini zinafuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Yai huongeza nguvu kwenye mgao wa chakula. Jogoo mmoja akiuzwa, watoto hupata sabuni na daftari. Lakini banda la kuku huvuta pia nyoka, na mara nyingi anayetumwa kuokota mayai ni mtoto. Ndiyo sababu ya somo hili. Soma, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

KWA NINI NYOKA HUJA BANDANI?

Nyoka hafuati harufu ya watu. Anafuata chakula na maficho. Mayai na vifaranga ni chakula. Nafaka iliyomwagika huleta panya, na panya humleta nyoka. Kuni, mawe na shitingi kuukuu iliyokunjwa pembeni ni maficho mazuri kwake.

Katika nchi zetu, nyoka anayejulikana sana kwa kuingia mabandani ni swila, ambaye wengine humwita fira. Yeye hula mayai na hata kuku wenyewe. Swila mwenye kutema mate hurusha sumu machoni mwa mtu aliye umbali wa mita mbili au zaidi. Chatu naye huchukua kuku mzima. Bafe, yaani kifutu, hulala kimya njiani au kwenye majani akingojea panya, na mtu humkanyaga bila kumwona. Wapo pia nyoka wadogo wasio na sumu wanaokula mayai tu.

Wengine husema, "Mwenye kuku hapati nyoka." Si kweli. Kuku hawamfukuzi nyoka mkubwa. Banda chafu humwalika.

KUKU HUFANYA NINI MCHANA?

Kuku ana macho mazuri sana mchana, na ana milio tofauti kwa adui wa angani na adui wa ardhini. Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 1993, Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler walichapisha utafiti ambamo kuku walionyeshwa picha za adui. Kuku waliosikia mlio wa adui wa angani walikimbilia mahali pa kujificha. Waliosikia mlio wa adui wa ardhini walisimama wima na kutazama huku na huku. Wewe pia unaweza kuyaona hayo uani kwako.

1. Mwewe akipita: jogoo hutoa mlio mmoja mrefu na mwembamba. Wote huinama au hukimbilia chini ya kichaka na kunyamaza.

2. Nyoka akionekana: kuku huacha kuchakura. Hunyosha shingo juu na kutazama mahali pamoja, kwa jicho moja kisha kwa jingine. Halafu huanza kulia "ko-ko-ko-koo" kwa kurudiarudia, na wengine huitikia. Hawakimbii mbali. Mara nyingi husimama hatua chache kutoka kwa nyoka wakimtazama, na hurudi nyuma akisogea.

3. Mama mwenye vifaranga: hutimua manyoya, hutandaza mbawa na kumrukia adui. Vifaranga hukusanyika nyuma yake au hujificha.

4. Nyoka mdogo: kuku humdonoa, humuua na kumla kama mnyoo, huku wakinyang'anyana. Usidhani kwamba watafanya hivyo kwa nyoka mkubwa.

Usichanganye mlio huu na kelele za kuku aliyetoka kutaga. Huyo hutetea akitembea huku na huku, na wenzake huendelea kula. Kuku wa hatari wote hutazama upande mmoja. Kumbuka pia kwamba mlio wa adui wa ardhini unaweza kuwa kwa ajili ya nguchiro, paka au kenge. Kwa vyovyote, nenda kwa tahadhari.

Dalili nyingine ni jioni. Kuku wanaolala bandani kila siku wakijazana mlangoni na kukataa kuingia, usiwasukume ndani kwa mikono. Huenda kuna kitu ndani. Mulika kwanza.

NA USIKU JE?

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuku haoni vizuri gizani. Giza likiingia hutulia juu ya kijiti chake, na anaweza asihame hata mwenzake akikamatwa kando yake. Kwa hiyo usiseme, "Usiku kuku hawakulia, basi hapakuwa na nyoka." Kimya cha banda si ushahidi wa usalama.

Tena, nyoka aliyeingia kwa tundu dogo na kumeza mayai au kifaranga anaweza kushindwa kutoka kwa sababu tumbo limevimba. Asubuhi utamkuta bado yumo ndani, amejikunja kwenye kiota au pembeni. Saa hiyo ndiyo mtoto hutumwa kuokota mayai.

Angalia dalili hizi: mayai yamepotea bila ganda hata moja, kwani nyoka wengi huyameza mazima, kifaranga hayupo wala hakuna manyoya yaliyotapakaa, kuku mkubwa amekufa na kichwa chake kimelowa mate, kwa sababu nyoka alijaribu kummeza akashindwa. Panya na nguchiro huacha vipande vya maganda. Kuku wakifa wengi kwa mfululizo, usimlaumu nyoka. Huenda ni ugonjwa wa kideri (mdondo). Kuku uliyemkuta amekufa asiliwe.

UTARATIBU WA KILA ASUBUHI

- Mtu mzima ndiye afungue banda, si mtoto.
- Vaa viatu. Simama kando ya mlango, si mbele yake, na ufungue kwa fimbo ndefu.
- Waache kuku watoke wenyewe. Tazama kama wote wanatoka au wanaogopa pembe fulani.
- Mulika kwa tochi, kisha chunguza viota kwa fimbo.
- Mkono uingie kiotani baada ya macho kuona.

KUKU WAKILIA MCHANA

Waite watoto na uwaweke mbali. Tazama kuku wanakotazama, lakini usiingie kwenye majani kutafuta. Ukimwona nyoka, kaa mbali, zaidi ya mita tatu, na umwachie njia ya kuondoka. Asipoondoka, mwite kiongozi wa eneo lako au mtu mwenye uzoefu. Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumkamata.

KUJENGA BANDA LA USALAMA

Inua banda juu ya miguu ili uweze kufagia na kuona chini yake. Kandika kuta kwa udongo na uzibe kila ufa. Ukipata wavu wa waya, chagua wenye matundu yasiyozidi milimita 6 hivi. Wavu wa matundu makubwa humzuia mwewe lakini haumzuii nyoka mdogo. Mlango ufungwe barabara kabla ya giza.

Fyeka majani kuzunguka banda, na uweke kuni na mawe mbali. Okota mayai kila siku. Hifadhi nafaka ndani ya debe lenye kifuniko. Usitegemee kuchoma mpira au kumwaga mafuta ya taa. Usafi na kuziba matundu ndiyo kinga.

Usilaze kuku ndani ya chumba unacholala. Nyoka anayewafuata atapita karibu na mkeka wako. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka. Utafiti uliofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliolala ndani ya chandarua waliumwa na nyoka kwa nadra kuliko wasiokitumia.

MTU AKIUMWA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Kuchelewa ni sababu kubwa. Fanya hivi:

1. Mwondoe karibu na nyoka, mtulize, mlaze. Asitembee.
2. Vua pete, bangili na nguo za kubana.
3. Funga kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usicheze. Usikaze.
4. Mbebeni mara moja hadi kituo cha afya. Akitapika au akisinzia, alazwe ubavu wa kushoto.

Usikate jeraha. Usinyonye. Usifunge kamba ya kukaza. Usiweke jiwe jeusi. Usimpe pombe. Usipoteze muda kumtafuta nyoka. Kumbuka tu saa aliyoumwa na rangi ya nyoka kama ulimwona.

Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20. Usisugue. Kisha nenda kituo cha afya.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako nani huokota mayai, na saa ngapi?
2. Unawezaje kutofautisha mlio wa mwewe, wa nyoka, na wa kuku aliyetaga?
3. Kwa nini kimya cha usiku hakitoshi kukuhakikishia usalama?
4. Usiku huu mtu akiumwa katika mtaa wenu, nani atambeba, na kwa njia gani?

Msiondoke kikundini kabla ya kujibu swali la nne.