Hatuna nafasi ya kusali

Fundisho kwa wakatekumeni wenye jamaa



Katekista akiwauliza wakatekumeni wake kama wamesali nyumbani asubuhi, mara nyingi hupata jibu hili: «Hatuna nafasi.» Jibu hilo si la uongo. Jogoo akiwika, mama amekwisha kushika ndoo kwenda mtoni. Akirudi, watoto wanalia njaa. Kisha shamba, kuni, mihogo ya kutwanga, sombe ya kupika. Baba naye ana kazi zake. Jua likichwa, wote wamechoka, na usingizi unawashinda hata kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Je, Mungu anawadai watu wa namna hiyo jambo wasiloliweza?

1. Bwana wetu alifanyaje?

Mtakatifu Marko, katika sura ya kwanza ya Injili yake, anatusimulia siku moja ya Bwana wetu Yezu Kristu kule Kafarnaumu. Ilikuwa siku ya Sabato. Yezu alifundisha katika sinagogi, akamfukuza pepo mchafu, akaingia nyumbani mwa Simoni na kumponya mama mkwe wake aliyekuwa na homa. Jioni watu walimletea wagonjwa wengi, hata mji wote ukakusanyika mlangoni. Nani kati yetu ana kazi kupita hiyo? Lakini kesho yake, kungali giza, Yezu aliondoka, akaenda mahali pasipo watu, akasali. Simoni na wenzake walipomwona, walimwambia kwamba watu wote wanamtafuta.

Angalieni vema. Yezu hakungoja kazi ziishe ndipo asali. Kazi hazikuwa zimekwisha, na watu walikuwa wakimtafuta bado. Yeye mwenyewe alijiwekea nafasi kabla ya watu kumfikia. Anayengoja nafasi ya kusali haipati kamwe; anayeiweka anayo.

2. Je, kazi si sala?

Wengine husema: «Kazi yangu ndiyo sala yangu.» Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kazi tuliyomtolea Mungu asubuhi humpendeza kweli. Lakini mume akimlimia mkewe shamba kubwa, wala asiseme naye neno mwaka mzima, mke atafurahi? Atasema: «Huyu ni mtumishi wangu, si mume wangu.» Hivyo Baba yetu wa mbinguni anapenda kazi ya mikono yetu, naye anapenda pia kuisikia sauti yetu.

Nchi yetu ya Kongo ina shahidi wa neno hilo. Mwenye heri Isidore Bakanja alikuwa mfanyakazi mnyenyekevu. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Kazini kwake alisali Rozari, akavaa skapulari ya Bikira Maria, akawafundisha wenzake sala. Bwana mmoja wa kazi alichukia mambo hayo, akaamuru apigwe viboko vikali. Majeraha yale yalimwua tarehe 15 Agosti 1909, naye alimsamehe aliyemtesa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Bakanja alikatazwa kusali, naye akasali. Sisi hatuna wa kutukataza.

3. Namna ya kuiweka nafasi

Usitafute saa mpya, siku haiongezeki. Funga sala yako na kazi unayoifanya kila siku, kama mbuzi anavyofungwa kwenye mti wake asipotee.

Asubuhi: kabla ya kushika ndoo au jembe, fanya ishara ya msalaba, sali Baba Yetu, umtolee Mungu kazi zote za siku.

Adhuhuri: kengele ya misioni ikilia, au jua likiwa utosini, simama palepale shambani, usali Salamu Maria moja.

Njiani: ukienda mtoni au sokoni, mwambie Yezu neno fupi toka moyoni. Mzigo kichwani haufungi kinywa.

Jioni: kusanyeni watoto wakati chungu kingali motoni. Msingoje hata baada ya kula, kwa maana watoto watalala. Dakika 5 zatosha. Mtoto mmoja aanze sala, wengine waitike.

Na mama aliyekesha na mtoto mgonjwa asihuzunike. Akisema tu «Yezu, utuhurumie», amesali.

4. Neno kwa waume

Twaa mfano wa mume anayemlaumu mkewe: «Wewe ni mlegevu katika sala.» Lakini jioni mume huyo ameketi katika kiti akingoja chakula, naye mke ana mtoto mgongoni, moshi machoni, na maji hayajaletwa bado. Atasali saa ngapi? Ndugu yangu, inuka. Mpokee mtoto, pasua kuni, teka maji. Dakika 10 za kazi yako ndizo dakika 10 za sala ya mkeo.

Utasema: «Wenzangu watanicheka.» Kumbuka kwamba Bwana wetu, katika karamu ya mwisho, alijifunga kitambaa kiunoni, akawaosha mitume wake miguu. Unamwomba ubatizo, nawe waona haya kumfuata?

Maswali

Kwa nini Yezu alisali kungali giza?
Kwa sababu aliweka nafasi ya Baba yake kabla ya kazi na watu.

Kazi inatosha badala ya sala?
Haitoshi. Tumtolee Mungu kazi yetu, tena tuseme naye.

Nani ana wajibu wa kuiweka nafasi ya sala nyumbani?
Mume na mke pamoja, wakisaidiana kazi.

Kusudi la juma hili

Leo jioni, mume na mke waketi pamoja, wachague saa moja ya sala ya nyumba yao, na kila mmoja aseme kazi atakayomwondolea mwenziwe. Siku ya Mungu waje kumwambia katekista kama wameishika.

Tuombe: Ee Yezu, uliyeishi Nazareti katika nyumba yenye kazi, utufundishe kumpa Baba yako nafasi ya kwanza katika siku zetu. Amina.