Kauli za Vitenzi na Parafujo Iliyoganda: Lugha ya Fundi wa Breki Kisiwani Mombasa

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na kauli za vitenzi katika jedwali ubaoni: piga, pigwa, pigia, pigisha. Akitoka darasani, huweza kudhani kwamba viambishi hivyo ni mapambo ya sarufi. Makala haya yanadai kwamba kauli ni zana za kazi, na kwamba anayezichanganya anaweza kuhatarisha maisha ya watu. Mfano unaotumika ni mdogo: parafujo ya kutolea upepo katika breki za gari, inapokuwa imeganda kwa kutu.

Chanzo cha kuganda

Breki nyingi za magari hufanya kazi kwa mafuta yaliyofungiwa mabombani. Mafuta hayashindiliki kwa urahisi, hivyo nguvu ya mguu hufika hadi magurudumuni. Hewa hushindilika, ikiingia, pedeli huwa laini na gari huchelewa kusimama. Ndiyo maana penye breki ya gurudumu huwekwa parafujo yenye tundu ndani, ili hewa itolewe.

Mombasa ni kisiwa, na hewa yake ina unyevu na chumvi. Kofia ya mpira inayofunika parafujo ikipotea, maji na chumvi hupenya hadi kwenye hesi. Hali huzidi kuwa mbaya pale parafujo ya chuma inapokazwa katika breki ya aluminiamu, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi, ulikaji huongezeka.

Neno parafujo lenyewe lina asili ya Kireno, na hilo si ajabu katika mji ambao Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Vitenzi vinavyoizunguka parafujo hiyo, hata hivyo, hunyambuliwa kwa viambishi vya Kibantu.

Kauli ya kutendua

Kilichogandishwa na kutu hakina budi kiganduliwe. Ganda huzaa gandua, ziba huzaa zibua, funga huzaa fungua. Jozi hizi tatu zinafuata mpangilio wa kazi. Kwanza parafujo hugandulika: fundi huisugua kwa brashi ya waya, huitia mafuta ya kupenyeza kutu, huiacha kwa saa kadhaa au hata usiku kucha, kisha huigonga kwa nyundo taratibu ili kutu ipasuke. Mafuta hayo yasiguse diski wala pedi. Pili, tundu lake huzibuliwa kwa waya mwembamba. Tatu, ndipo hufunguliwa kwa spana ya boksi yenye pembe 6, inayoshika pande zote za kichwa. Spana iliyolegea huviringisha kichwa, na baada ya hapo haina cha kushika.

Kaza haifuati mkondo huo. Kinyume chake ni legeza, kauli ya kutendesha ya legea. Fundi mwangalifu hukaza kidogo sana kwanza, kisha hulegeza, akirudia mbele na nyuma. Anayelazimisha upande mmoja tu huikata.

Kauli ya kutendeka

Hapa ndipo sarufi inapogusa uwajibikaji. Parafujo ikivunjikia ndani, fundi anaweza kusema "imekatika" au "nimeikata". Kauli ya kutendeka humwondoa mtenda. Tukio huonekana kama limejitokea. Pengine ni kweli, kwa kuwa kutu ilikuwa imekwisha kuila. Hata hivyo, mwenye gari anastahili kujua kilichotokea, kwa sababu hatua zinazofuata ni nzito: kipande kilichobaki hutobolewa kwa keekee na kung'olewa kwa kifaa maalumu, au breki ya gurudumu hilo hubadilishwa nzima. Kuliunguza eneo hilo kwa moto ni hatari, kwani mipira ya ndani huharibika na mafuta ya breki huweza kuwaka. Kuziba tundu na kumrudishia mwenyewe gari lenye hewa mabombani ni kosa ambalo "imekatika" haiwezi kulifuta.

Kauli ya kutendea

Parafujo ikisha kulegea, kazi huhitaji watu wawili. Mwanagenzi hukaa ndani ya gari na kukanyaga pedeli mara kadhaa. Fundi huinama penye gurudumu.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, fundi."

Fundi hulegeza parafujo. Mafuta na mapovu hutoka kupitia mpira mwembamba hadi chupani. Huikaza tena, ndipo aseme, "Achia!" Mafuta huongezwa katika kopo lake kabla hayajaisha, na mzunguko hurudiwa hadi mapovu yakome.

Shika pekee haitoshi. Shikilia, yenye kiambishi cha kutendea kilichorudufiwa, inaagiza kuendelea bila kuachia. Pedeli ikiachiwa kabla parafujo haijafungwa, hewa hufyonzwa upya. Jibu nalo lina uzito wake: -me- inaarifu kwamba hali ya kushikilia imeshakuwapo na ingalipo. "Ninashikilia" ingeweza kueleweka kuwa mguu bado unashuka.

Hitimisho

Gari likitoka gereji huenda likatelemka kwenda kupanda feri ya Likoni, mbele yake wakiwapo abiria wanaotembea kwa miguu. Usalama wao umetegemea parafujo mpya iliyokazwa kwa kiasi, kofia yake ya mpira, na maneno machache yaliyotamkwa kwa kauli sahihi. Walimu wa sarufi wangefaidika kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika maagizo ya kazi halisi, kisha kuyapeleka kwa fundi ayafuate neno kwa neno. Maagizo yakishindwa, pedeli italegea. Na hapo haitamfaa mtu kusema kwamba alikuwa na maana nyingine.